Jeki: Historia ya Tundu Dogo Linaloweza Kunyamazisha Bendi

Katika Kiswahili neno jeki lina maana mbili. Ya kwanza inajulikana na kila dereva: ni chombo cha kuinulia gari gurudumu linapopasuka. Ya pili inajulikana zaidi na wapiga muziki na mafundi redio: ni tundu lililo usoni mwa amplifaya au ubavuni mwa gita la umeme, ambamo plagi ya waya huchomekwa ili sauti ipite. Ukimtuma mtunza bohari akanunue jeki bila kumweleza zaidi, usishangae akirudi na ya lori. Maneno haya mawili yana babu mmoja. Waingereza wa zamani walimwita kijana yeyote wa kazi kwa jina la Jack, na baadaye wakaliambatisha jina hilo na vyombo vingi vinavyompunguzia mtu taabu.

Makala haya yanahusu jeki ya pili, nami nayaandika kwa sababu mbili. Kwanza ni historia yake. Ni vifaa vichache sana vya umeme vilivyobuniwa katika karne ya 19 ambavyo kijana wa leo anaweza kuvishika na kuvitumia kwa namna ile ile. Pili ni jambo letu wenyewe. Katika mkutano wa mwaka jana wa wanafunzi wa zamani lilitolewa pendekezo la kuchangishana fedha ili shule inunuliwe vyombo vipya vya bendi, kwa hoja kwamba vilivyomo stoo vimekufa. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma historia Chuo Kikuu, na nimekaa miaka mingi karibu na wapiga magita na mafundi wao. Katika miaka hiyo nimejifunza kwamba kabla ya kuchimba kaburi ni vema kumpima kwanza marehemu mapigo ya moyo.

ASILI YAKE NI OFISI YA SIMU

Alexander Graham Bell alipewa hataza ya simu huko Marekani mwaka 1876. Mwanzoni simu zilikwenda mbili mbili, zikiunganishwa kwa waya mmoja. Mtindo huo ulikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa hesabu anaweza kuiona. Watu 10 wakitaka kuzungumza kila mmoja na mwenzake, zinahitajika njia 45. Wakiwa 100, zinahitajika njia 4,950. Mji ungefunikwa na nyaya kama utando wa buibui. Dawa ikawa kuzileta nyaya zote katika nyumba moja, na kumweka mtu wa kuziunganisha kadiri zinavyoombwa.

Nyumba ya kwanza ya biashara ya namna hiyo ilifunguliwa na George Coy katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, tarehe 28 Januari 1878, ikiwa na wateja 21. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Emma Nutt aliajiriwa mjini Boston akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya opereta wa simu. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na vijana wa kiume, ambao walisifika kwa utani na maneno makali kwa wateja. Wasomaji waliopata kukaa bweni hawatashangaa.

Wateja walipoongezeka, ikahitajika njia ya kuunganisha nyaya mbili upesi, kwa uthabiti, na kuziachanisha upesi vile vile. Hapo ndipo anapoingia Charles Scribner, mhandisi wa kampuni ya Western Electric ya Chicago, aliyepata hataza nyingi za mitambo ya simu. Kifaa chake cha mwanzo kilifanana na kisu cha kukunja cha mfukoni, ambacho kwa Kiingereza huitwa jackknife, na inaelezwa kuwa ndipo lilipotoka jina la jeki. Baada ya marekebisho kadhaa kikapatikana kitu tunachokijua: plagi yenye unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, inayoingia katika tundu lenye ulimi wa chuma unaoikaba.

Plagi hiyo ilikuwa na sehemu tatu: ncha, pete na mkono. Ncha na pete zilibeba mazungumzo. Mkono ulikuwa na kazi nyingine, ya werevu sana. Opereta aligusisha ncha ya plagi yake kwenye ukingo wa jeki ya mteja; akisikia mlio mfupi masikioni, alijua kwamba mteja huyo anazungumza na mtu mwingine. Mafundi wa simu duniani wangali wanaziita nyaya mbili za mteja kwa majina ya ncha na pete, ingawa plagi zenyewe zimekwisha toweka katika ofisi zao. Wakubwa wetu waliotutangulia shuleni watakumbuka jinsi ilivyokuwa kupiga simu ya mbali: unamwomba opereta wa posta, unasubiri, naye anachomeka na kuchomoa.

Jambo moja zaidi katika ufundi ule hapana budi tulishike, kwa kuwa tutalihitaji mbele. Plagi inapoingia huusukuma ulimi wa chuma. Mafundi wakaona kwamba msukumo huo unaweza kufanya kazi ya pili: kuachanisha mguso mwingine uliokuwa umefungwa. Yaani jeki ikawa pia swichi. Ikiwa tupu, njia fulani imefungwa. Ikichomekwa, njia hiyo inafunguka.

KUTOKA SIMU HADI JUKWAANI

Redio ilipoenea katika miaka ya 1920, wasikilizaji walitumia visikizio vya masikioni, na plagi ya simu ikawafaa. Studio za utangazaji nazo zikaichukua kwa mbao zao za kuunganishia nyaya. Kwa hiyo gita la umeme lilipozaliwa, jeki ilikuwa tayari kwenye kila duka la vifaa vya redio.

Gita la umeme la kwanza kupata soko lilitengenezwa na George Beauchamp na Adolph Rickenbacker huko California, likaanza kuuzwa mwaka 1932. Kampuni ya Gibson ikatoa lake, ES-150, mwaka 1936. Si wote walioanza na jeki. Wengine walitumia viungio vya kukaza kwa hesi. Lakini jeki ilishinda, kwani ilikuwa nafuu, imara, na mpigaji aliweza kuichomeka gizani bila kutazama.

Mtu aliyeieneza zaidi alikuwa fundi redio. Leo Fender alikuwa na duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, tangu mwaka 1938. Alipoanza kutengeneza amplifaya na magita, alitumia vifaa alivyovizoea. Gita lake la Stratocaster lilitoka mwaka 1954, na amplifaya zake zikaenea duniani. Mjini London, Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo, alitoa amplifaya yake ya kwanza mwaka 1962 pamoja na wasaidizi wake, wakiifuata kwa karibu saketi ya Fender iitwayo Bassman. Saketi ilipovuka bahari, mpangilio wa jeki nao ulivuka.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Magita ya umeme yalibadilisha sauti ya bendi zetu za dansi, na baada ya uhuru bendi nyingi za Tanzania zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Katika bendi za aina hiyo vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akihama, aliviacha. Halafu zikaja shida za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa haba na vipuri vikawa adimu. Vyombo vilisafirishwa kwa malori katika barabara mbovu, vikapigwa ukumbini penye joto na jasho, na pwani vikaliwa na chumvi ya bahari. Nimewahi kuona amplifaya ya enzi hizo ambayo fundi aliikata plagi, akaulehemu waya wa gita moja kwa moja ndani, kwa kuwa jeki haikupatikana. Bendi ilipiga. Lakini kila mtu akikanyaga waya ule, amplifaya nzima ilitikisika.

VINANDA VYA UMEME

Mwaka 1964 Robert Moog wa jimbo la New York, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alibuni sinthesaiza yake ya kwanza. Ilikuwa na vipande vingi vilivyojitenga: kimoja kinazaa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinaipandisha na kuishusha. Mpigaji aliviunganisha kwa nyaya zenye plagi za robo inchi, na mtambo ukafanana kabisa na ubao wa opereta wa simu. Jeki ilikuwa imerudi kwenye kazi yake ya ujana.

Wengine walikwenda njia zao. Don Buchla wa California alitenganisha: sauti zilipita katika jeki ndogo, na amri za umeme zikapita katika plagi za aina ya banana. Kampuni ya EMS ya London ilitoa VCS3 mwaka 1969, ikitumia ubao wa matundu na vijiti badala ya nyaya. ARP 2600, iliyotoka mwaka 1971, ilichagua jeki ndogo za milimita 3.5. Mjerumani Dieter Doepfer alipoanzisha mtindo wa Eurorack katikati ya miaka ya 1990, naye alichagua ndogo, na ndiyo iliyoenea leo katika sinthesaiza za vipande.

Katika ARP 2600 ile swichi ya Scribner ilitumika kwa ustadi mkubwa. Ndani ya mtambo, vipande vimekwisha unganishwa kupitia swichi za jeki, na mpigaji anaweza kucheza bila waya hata mmoja. Akichomeka plagi, muungano wa ndani unakatika na njia yake mpya inachukua nafasi. Sasa fikiria fundi asiyejua, anayeondoa jeki kama hiyo na kuweka isiyo na swichi. Plagi itaingia vizuri na nati itakaza vizuri, lakini kinanda kitakuwa bubu.

NAMNA YA KUCHAGUA JEKI YA BADALA

Hapa historia inageuka kuwa kazi ya mikono. Aendaye dukani kununua jeki ya badala anapaswa kuwa na majibu ya maswali yafuatayo.

La kwanza ni ukubwa: ni milimita 6.35 au 3.5? Na hapo uwe mwangalifu. Plagi ya simu ya kale ina unene ule ule wa robo inchi, lakini ncha yake ni ndogo kuliko ya gita, hivyo haishiki sawasawa. Ukikuta waya wa kale wa ubao wa simu, usidhani umepata dawa.

La pili: migusano mingapi? Gita la kawaida linahitaji miwili tu, ncha na mkono. Lakini magita yenye betri ndani, na vikanyagio vingi vya kubadilisha sauti, hutumia jeki ya migusano mitatu ingawa sauti ni moja. Ule mguso wa pete umefungwa kwenye betri. Plagi ikiingia, mkono wake unaugusisha na ardhi ya saketi na chombo kinawaka. Ukiweka jeki ya migusano miwili, betri haitawasha kitu, nawe utailaumu betri.

La tatu, na ndilo kubwa: ina swichi au haina? Chukua mfano wa amplifaya nyingi za Fender za miaka ya 1950 na 1960. Kila chaneli ina jeki mbili, namba 1 na namba 2. Kila jeki inafuatwa na rizista ya omu 68,000. Ukichomeka namba 1, swichi ya namba 2 inaziunganisha rizista zote mbili sambamba, na nguvu yote ya gita inapita. Ukichomeka namba 2 peke yake, swichi ya namba 1 inaipeleka rizista moja ardhini, na nguvu inagawanyika nusu. Kwa hiyo namba 2 ilifaa gita lenye sauti kali. Na amplifaya ikiwa haina plagi yoyote, swichi hizo hizo huunyamazisha mlango ili usidake mvumo wa umeme wa nyumbani. Haya yote yanafanywa na vipande viwili vya bati vinavyogusana. Ukiweka jeki isiyo na swichi kwenye namba 1, amplifaya itavuma kila plagi inapotoka, na tofauti ya namba 1 na 2 itapotea. Katika jeki za kampuni ya Switchcraft ya Chicago, ambazo mafundi wengi huzifuata kama kipimo, namba 11 haina swichi, 12A inayo, na 12B ni ya migusano mitatu.

La nne: shingo ya chuma au ya plastiki? Jeki ya chuma inapokazwa kwenye bati la amplifaya, huunganisha mkono wa plagi na bati hilo. Katika amplifaya za zamani muungano huo ndio njia ya ardhi. Ukiweka ya plastiki, kama zile za kampuni ya Cliff ya Uingereza, lazima uongeze waya wa kuirudisha njia hiyo. Kinyume chake, mtengenezaji aliyeweka plastiki aghalabu alikusudia kuitenga saketi na bati. Ukiweka chuma, unaweza kuzalisha mvumo ambao haukuwapo.

La tano: imening'inia au imelehemiwa kwenye bodi? Vinanda vingi vya miaka ya 1980 na baadaye vina jeki zilizosimama juu ya bodi ya saketi. Mtu akijikwaa kwenye waya, nguvu yote inaishia kwenye lehemu, nayo inapasuka. Jeki ya badala ya namna hiyo lazima iwe na miguu iliyopangwa sawa na ya kwanza, na nati ya usoni ikazwe ili bati, wala si bodi, lichukue uzito.

La sita: iliyo wazi au iliyofunikwa? Iliyo wazi unaweza kuusafisha ulimi wake na kuupinda kidogo ukilegea. Iliyofunikwa huzuia vumbi, lakini ikiharibika hutupwa. Kwa shule, mimi napendelea iliyo wazi pale nafasi inaporuhusu, kwa kuwa inatengenezeka na inafundisha.

Naongeza onyo juu ya jeki ya spika. Katika amplifaya nyingi za valvu za Fender, jeki hiyo ina swichi inayofunga njia ya kutokea pale spika inapokuwa haipo, ili kuilinda transfoma. Amplifaya za transista kwa kawaida hazitaki njia hiyo ifungwe. Ukizibadilisha bila kuangalia, jeki ya bei ndogo itaua kifaa cha bei kubwa.

Na lipo onyo kubwa zaidi, nalo nawaambia wanafunzi wa sasa. Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 300, 400 na kuzidi. Kapasita zake zinaweza kuendelea kushika umeme huo hata baada ya plagi ya ukutani kuchomolewa. Asifungue mtu asiyefundishwa kuzimaliza nguvu kwanza. Udadisi ni sifa ya mwanafunzi, lakini mwanafunzi aliye hai.

JAMBO LETU

Sasa narudi kwenye pendekezo la mkutano. Nilipopata ruhusa ya kuingia stoo nilikuta amplifaya mbili na kinanda kimoja. Sikufungua chochote; nilitazama nje tu. Amplifaya moja jeki yake inazunguka ukiishika kwa vidole. Nati imelegea, na jeki inayozunguka hupinda waya wake wa ndani hadi ukakatika. Ya pili jeki zake zimeota kutu ya kijani. Kinanda kinatoa sauti ukiishikilia plagi kwa mkono upande mmoja, kisha kinanyamaza. Hizo si dalili za kifo, ni dalili za tundu bovu.

Kwa hiyo naomba kamati ifanye mambo kwa utaratibu. Atafutwe fundi anayejua kazi yake, alipwe haki yake, na afungue vyombo vyote vitatu mbele ya mwalimu wa fizikia na wanafunzi wachache wa bendi. Kwa kila jeki yaandikwe majibu ya maswali sita niliyoyataja, ndipo mtu atumwe dukani. Bei ya jeki haikaribii hata kidogo bei ya amplifaya. Ikionekana kwamba transfoma imeungua au bodi imekufa, basi tununue vipya, nami nitakuwa wa kwanza kutoa mchango wangu. Lakini tukinunua vipya bila kuuliza vya kwanza viliuawa na nini, vitafuata njia ile ile, kwa kuwa nati zitalegea tena na hatakuwapo wa kuzikaza.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba kutengeneza vya zamani ni kuwanyima vijana vilivyo bora. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo kijana aliyeona jinsi vipande viwili vya bati vinavyofungua na kufunga njia ya sauti amepata somo la umeme ambalo amplifaya mpya, iliyofungwa kwa skrubu na dhamana yake, haiwezi kumpa. Leo Fender alianza kwa kutengeneza redio za watu wengine. Fedha zitakazosalia ziende kwenye maabara ya fizikia, zinunue vifaa vya kulehemia na mita za kupimia umeme. Bendi ikipiga katika mkutano ujao kwa vyombo vile vile tulivyoviacha, wanafunzi walioshika tochi wakati fundi akifanya kazi watakuwa wanajua ni kwa nini vinalia.